Kufuli wanalo, misumari hawana
Jamani hiki kibanda cha kulala wapanda milima huko Usambara kimenichosha. Tumetoka Tanga na basi, Mombo tukabadilisha gari, tukala kona zote mpaka Lushoto, halafu masaa manne kwa mguu na mabegi mgongoni, kufika mlango una kufuli. Ufunguo anao mzee, mzee mwenyewe kashuka gulioni. Haya kaja jioni kafungua, ndani sasa! Bati linavuja juu ya kitanda pekee chenye godoro, kuni zimelowa, waliotutangulia wametuachia makopo matupu ya maharage, choo sikisimulii. Na baridi ya Julai kule mnaijua. Hela tumelipa kabla, risiti ninayo, sasa ya misumari minne ya bati ndo inakosekana?