Kompyuta ya Baba Haikuwa Imekufa

Desemba nilipofika nyumbani Morogoro, sikuwa hata nimetua begi baba akanipa habari. "Mwanangu, ile mashine wamesema ndiyo basi tena." Fundi wa mtaani alikuwa amekuja mara mbili. Mara ya kwanza alipiga window upya, akajaza programu alizokuwa nazo kwenye flashi yake, akachukua hela yake akaenda. Mara ya pili aliikuta mashine ikichukua zaidi ya dakika kufungua barua ya kurasa tatu. Akatikisa kichwa, akamwambia mzee atafute laki nne anunue nyingine.

Yenyewe ni Dell OptiPlex 755, kompyuta ya mezani ya mtumba, toleo la mwaka 2007. Ina prosesa (ubongo wa mashine) ya Core 2 Duo, RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 2 na Windows 7. Baba ni mwalimu mstaafu, na haja zake kwa mashine hiyo ni mbili tu: kusoma na kutazama. Anasoma nyaraka za kikundi chao cha wastaafu, vitabu, na mitihani ya miaka iliyopita anayowafundishia wajukuu. Anatazama video za harusi na za wajukuu walio mbali. Kwa kazi hizo mbili nasema bila kusita kwamba mashine ile inatosha na kubaki. Kilichokuwa kinaiua ni mizigo iliyotwishwa.

Nilifungua orodha ya programu nikakaa kimya kidogo. Palikuwa na programu mbili za PDF, moja ikiwa ile nzito ya kutengenezea na kuhariri PDF, tena imevunjwa leseni. Vicheza video vilikuwa vitatu, na chini yake furushi la kodeki, vile vijiprogramu vya kufungulia video zilizobanwa. Antivirus zilikuwa mbili, kila moja ikimchunguza mwenzake. Karibu zote zilikuwa zinajiwasha zenyewe mashine inapowaka, kiasi kwamba kabla mzee hajagusa kipanya zaidi ya nusu ya RAM ilikuwa imeshaliwa. Hapo hata kompyuta yenye afya ingehema.

Sisemi fundi alikuwa na nia mbaya. Ana flashi moja, wateja wengi, na mteja hulipa akiona aikoni zimejaa kwenye kioo. Lakini nina neno zito kwa mafundi wetu: kabla ya kuchomeka flashi, muulize mwenye mashine anataka kuifanyia nini. Swali hilo halichukui hata nusu dakika, na lingemwokolea mzee wangu miezi ya kukaa bila kompyuta. Na programu iliyovunjwa leseni msimwekee mtu asiyeiomba. Vile vijifaili vya kuvunjia leseni ndivyo mlango wanaoupenda virusi, na mara nyingi huambatana na maelekezo ya kuzima antivirus kwanza. Ukishafanya hivyo, mwizi umemfungulia mwenyewe.

Niliondoa karibu kila kitu, nikaweka programu kuu mbili.

Ya kwanza ni SumatraPDF. Ilianza mwaka 2006, ni programu huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa wote, ni ya bure, na faili lake la kusakinishia ni la MB chache tu. Programu maarufu ya PDF wanayoizoea wengi huja na mamia ya MB, kwa sababu imebeba kazi za ofisi nzima: kusaini, kutuma mawinguni, kushirikiana, kukumbushana masasisho. Sumatra imebeba kusoma. Unabofya faili, ukurasa upo mbele yako. Inafungua pia EPUB na DjVu, aina nyingine za mafaili ya vitabu, kwa hiyo vitabu havihitaji programu nyingine. Kuna hata toleo lisilohitaji kusakinishwa kabisa. Unaliweka kwenye flashi na kulifungulia hapohapo, jambo linalofaa sana kwa kompyuta ya shule au ya ofisi ambayo huruhusiwi kuiwekea kitu. Mwenye Windows XP atafute toleo la 3.1.2, ndilo la mwisho kuikubali XP.

Nilipofungua mtihani wa kwanza, baba aliinama akasogeza kiti. "Mbona mara hii?" Alidhani nimebadilisha kitu ndani ya boksi.

Si kila PDF itafunguka kwa wepesi ule, na hili watu wengi hawalijui. PDF iliyoandikwa kwenye kompyuta imebeba herufi, na herufi ni nyepesi. PDF iliyotoka kwenye skana imebeba picha, kila ukurasa picha nzima. Mitihani mingi ya zamani inayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp ni ya namna hiyo, na wengine huipiga kwa simu ukurasa kwa ukurasa. Faili la kurasa 12 linaweza kuwa na uzito zaidi kuliko kitabu cha kurasa 300. Hapo kompyuta itasita kidogo kila unapogeuza ukurasa, na hakuna programu itakayoondoa uzito huo wote. Walimu wenzangu mnaotuma mitihani, mkiwa bado mna faili la mwanzo lililochapwa, tafadhali lihifadhini kama PDF kutoka humohumo. Msilichapishe kwenye karatasi kisha mkaliskani.

Nyaraka za Word ni shauri jingine. LibreOffice inazisoma vizuri na ni ya bure, ila kwa RAM ya GB 2 inafunguka polepole. Nilimwekea, lakini niliwaomba pia wastaafu wenzake wawe wanatuma PDF. PDF ilizaliwa mwaka 1993 kwa kusudi hilohilo, ukurasa uonekane vilevile kila mahali, na tangu 2008 ni kiwango cha kimataifa cha ISO, si mali ya kampuni moja tena. (LibreOffice ni mtoto wa OpenOffice, na OpenOffice ilikwisha kusema Kiswahili tangu 2004, kazi iliyofanyiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ikaitwa Jambo OpenOffice. Huwa naikumbuka kila ninapoambiwa kompyuta haiwezi kuwa ya Kiswahili.)

Programu ya pili ni VLC, yenye alama ya ile koni ya rangi ya machungwa inayowekwa barabarani. Chimbuko lake ni wanafunzi wa École Centrale Paris, Ufaransa, mwaka 1996, na tangu 2001 imekuwa programu huria. Haina matangazo. Ubora wake kwa mashine kuukuu ni kwamba inabeba kodeki zake ndani yake, kwa hiyo lile furushi la kodeki halina kazi tena. Inacheza hata faili ambalo halijamalizika kupakuliwa. Toleo la 3 linakubali mpaka Windows XP yenye Service Pack 3, na upakuaji wake ni kama MB 40, yaani bando dogo tu la simu.

Pamoja na sifa zote hizo, video ya harusi ya binamu yangu iligoma. Sauti ilikwenda, picha ikawa inaruka kama karatasi zinazopeperushwa. Baba akanitazama kwa yale macho ya "nilikwambia". Nilipoangalia taarifa za faili nikaona H.265, namna mojawapo ya kubana video. Simu nyingi za sasa hurekodi hivyo kwa sababu video inachukua karibu nusu ya nafasi kwa ubora uleule. Gharama yake ni hesabu nyingi wakati wa kuifungua. Kompyuta mpya zina sehemu maalumu ya kazi hiyo. Core 2 Duo, iliyoingia sokoni mwaka 2006, ilitangulia kiwango hicho cha 2013 kwa miaka saba, kwa hiyo prosesa hulazimika kubeba kila kitu peke yake. Nilihamisha video kwenye laptopu yangu, nikaigeuza kuwa H.264, namna ya zamani zaidi na nyepesi kuifungua, kwa programu ya bure iitwayo HandBrake na kuipunguza ukubwa wa picha hadi 720p. Iliporudi kwa baba ilicheza bila kukwama. Kama unamtumia mzazi video ya simu, ingia kwenye mipangilio ya kamera uchague H.264 kabla ya kurekodi. Utakuwa umemfaa kuliko kumnunulia kicheza video chochote.

Mahali pa kupakua ndipo nilipomketisha baba nikamwonyesha kwa kidole. Ukitafuta jina la programu mtandaoni, majibu ya juu yanaweza kuwa matangazo, na kurasa za watu wa kati hujaa vitufe vikubwa vya kijani vya kupakua ambavyo si vya programu unayoitaka. VLC ichukuliwe videolan.org. Sumatra ichukuliwe sumatrapdfreader.org. Na wakati wa kusakinisha, soma kila dirisha kabla ya kubofya linalofuata. Kama kivinjari cha zamani kinakataa kufungua kurasa, pakua kwa simu kisha hamisha kwa waya.

Flashi za kuazimana nazo nilizipiga marufuku, na hapa nilikuwa mkali hata mama akacheka. Kila mtu amewahi kuona folda zake zikigeuka njia za mkato na mafaili kupotea. Mara nyingi huwa yamefichwa tu, lakini mzee atajuaje? Anachojua ni kwamba picha za mazishi ya babu hazionekani.

Kuna jambo moja sikumficha. Microsoft iliacha kuilinda Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Kwa hiyo kompyuta hiyo haiingizi namba ya siri ya benki, haifungui barua pepe za watu asiowajua, na mara nyingi haiunganishwi na intaneti kabisa. Kwa kusoma na kutazama haihitaji. Windows 10 nayo ulinzi wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inakataa mashine zisizo na TPM 2.0, chipu ya usalama, kwa hiyo kompyuta nyingi zaidi zitaanza kuitwa mizoga. Kabla hujatoa laki nne, jaribu Linux Mint ya Xfce, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, katika toleo lake jepesi. Kima chake cha chini ni RAM ya GB 2, ingawa GB 4 ndiyo raha, na unaweza kuijaribu kutoka kwenye flashi bila kufuta chochote. VLC ipo huko pia, koni ileile.

Baba ameshakubali tuijaribu. Sasa natafuta RAM za DDR2, aina ya zamani inayoingia kwenye mashine ile, mbili za GB 2 kila moja, na kwa mashine ya umri ule zinapatikana kwa mafundi wanaobomoa kompyuta chakavu. Pasaka nakwenda nazo.