Mpeni mwanafunzi tepu kabla ya kompyuta

Nikiambiwa leo nipange somo la kuchora kwa kompyuta katika skuli za sekondari hapa Pemba, wiki za mwanzo kompyuta zitabaki zimefunikwa. Nitaanza na tepu, penseli na karatasi, na wanafunzi watoke nje wakalipime jengo lao wenyewe.

Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba, na naipenda. Ndiyo maana linaniuma namna somo hili linavyofundishwa mahali pengi. Mwalimu anaonyesha amri ya mstari, amri ya duara, amri ya kukata, kisha wanafunzi wananakili kutoka kijitabuni mchoro wa kipande cha chuma ambacho hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukishika. Mwisho wa muhula kila mtoto ana mchoro safi, na yote inafanana. Muulize dirisha analokaa karibu nalo lina upana gani, hajui.

Kompyuta haikatai kitu. Ukiichorea ngazi yenye vipandio vya sentimita 30 kwenda juu, itakuchorea, tena kwa mistari iliyonyooka vizuri kabisa. Mlango wa choo wa sentimita 50 itakuchorea pia. Anayeweza kukataa ni mtu aliyekwisha kupima ngazi za kwao, akakuta kila kipandio kina kama sentimita 17, akajua kuwa bibi yake hawezi kupanda za 30. Ujuzi huo haumo ndani ya programu yoyote.

Tuchukue chumba cha darasa. Wanafunzi watapima kuta nne, watarudi na namba nne, watadhani wamemaliza. Waacheni wajaribu kukichora. Watakwama, na mimi nataka wakwame, kwa sababu urefu wa pande nne hautoshi kukupa umbo. Pande hizo hizo zinaweza kusimama mraba, zinaweza pia kulala upande. Itabidi warudi wakapime mshazari, kutoka pembe moja hadi ya pili inayoielekea. Hapo sasa ndipo kompyuta inapoanza kuwa na maana. Unachora ukuta wa kwanza kwa urefu wake. Kwenye ncha moja unaweka duara ambalo nusu kipenyo chake ni urefu wa ukuta unaofuata, na kwenye ncha nyengine duara ambalo nusu kipenyo chake ni ule mshazari. Pale maduara yanapokatana, upande wa ndani ya chumba, ndipo ilipo pembe ya tatu. Pembe ya nne unaipata kwa njia hiyo hiyo. Kisha waambie wapime mshazari wa pili ambao hawakuutumia kuchora, waulinganishe na ule unaosomeka kwenye kioo cha kompyuta. Zikipishana sana, kuna aliyesoma tepu vibaya, na watamtafuta wenyewe bila mwalimu kusema neno.

Hesabu hii wanayo tayari kwenye daftari la jometri, wameifanya kwa bikari. Na mafundi wetu wanaijua siku nyingi: wakiweka msingi hupima kwa kamba pembetatu yenye pande za 3, 4 na 5 mpaka pembe ikae mraba. Somo la kompyuta lingeweza kuwa mahali ambapo daftari na fundi wanakutana, nasi tunalifanya kuwa la kukariri vitufe.

Jambo jengine dogo ambalo nataka mwalimu alitilie mkazo. Katika vikundi, mara nyingi wavulana hushika tepu na wasichana huachiwa kalamu waandike namba. Wapokezane. Anayeshika tepu ndiye anayeliona jengo.

Nyumba za zamani zinafundisha zaidi kuliko darasa, kwani hakuna ukuta ulionyooka. Skuli za mjini Unguja zina Mji Mkongwe mlangoni, ambao umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000. Mwanafunzi akipima vyumba kadhaa vya nyumba zile ataona kuta za mawe na chokaa zenye unene wa nusu mita au zaidi, na ataona upana wa chumba haupiti sana mita 3 hata kama urefu wake ni mkubwa. Atajiuliza kwa nini. Jibu liko juu ya kichwa chake: boriti za mikoko zinazobeba dari hazipatikani ndefu kuliko hivyo. Tena nyumba za zamani zinaanguka. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit el Ajaib, jumba la Sultan Sayyid Barghash la 1883 lililoko Mji Mkongwe, iliporomoka na watu wawili wakafariki. Jumba lile lina jina, dunia nzima inalijua. Nyumba ya kawaida ya miji yetu ya Pemba, Wete au Chake, yenye baraza na mlango wa kuchonga, ikianguka kifusi chake kinabebwa, na habari yake imekwisha. Watoto wa Kidato cha 3 wangeweza kuzipima hizi, moja kila mwaka, na michoro ikawekwa skuli.

Kuhusu programu sitakaa sana. Watu wanataka AutoCAD, iliyoanza kuuzwa mwaka 1982, kwa kuwa ndiyo inayotajwa kwenye matangazo ya kazi. Wanafunzi wanaweza kuipata bure, lakini inataka mashine yenye nguvu na intaneti. Chumba cha kompyuta chenye mashine kuukuu kiweke LibreCAD, ni ya bure na nyepesi, na baadaye FreeCAD kwa maumbo ya pande tatu. Tabaka (sehemu za mchoro zinazopangwa moja juu ya nyengine), vipimo, skeli, mstari wa katikati, yote ni yale yale. Anayeyajua atahamia kwengine. Programu za wizi tusizilete skuli kabisa. Hatuwezi kumfundisha mtoto kazi ya uaminifu kwa kitu kilichoibiwa.

Na vipimo viandikwe kwa milimita tangu siku ya kwanza, huku mwanafunzi akijua kuwa fundi atamwambia futi 10 kwa 12. Ajue kwamba hiyo ni 3,048 kwa 3,658, na aweze kuongea na pande zote mbili.

Mtihani wa mwisho wa mwaka ningeufanya hivi. Kila kikundi kipewe nyumba, kwa idhini ya mwenyewe, kirudi na ramani iliyochapishwa kwa skeli ya 1:50, yaani sentimita 1 ya karatasi ni sentimita 50 za nyumba. Mwalimu aichukue ramani hiyo na tepu mfukoni, aende kwenye nyumba ile ile, achague mwenyewe mlango mmoja, dirisha moja na mshazari mmoja. Akikuta vinalingana na karatasi, isipokuwa sentimita moja au mbili, wamefaulu.