Mlipeni mjamzito aache sigara

Kumlaumu mjamzito anayevuta sigara ni kazi nyepesi. "Mama gani huyo, hamhurumii hata mwanawe?" Mimi bado sijamwona aliyeacha sigara kwa sababu ya swali hilo.

Watazameni wavutaji wenyewe. Uchunguzi wa kitaifa wa Uingereza wa mwaka 2010 kuhusu ulishaji wa watoto wachanga ulikuta kwamba kina mama wenye kazi za kipato cha chini, 20% walivuta mimba nzima. Wenye vyeo na taaluma, 4%. Walio chini ya miaka 20 waliwapita wote: 35%. Sasa tuseme huruma ya mama huongezeka kadiri mshahara unavyopanda? Binti wa miaka 18 anayeishi nyumba ambayo kila mtu anavuta, kodi ya pango imemkaba na mchumba haeleweki, hakosi habari kwamba sigara ni mbaya. Imeandikwa kwenye pakiti.

Kliniki ya kwanza huko Uingereza, mkunga humpa mjamzito kimashine cha kupuliza. Anavuta pumzi, anaibana sekunde 15, kisha anapuliza taratibu hadi pumzi iishe, na namba inatokea. Ikifika 4, anapelekwa kwa washauri wa kuacha sigara. Kinachopimwa ni kaboni monoksidi, gesi ile ile ya jiko la mkaa lililofungiwa chumbani. Inakalia nafasi ya oksijeni kwenye damu, na mtoto huzaliwa akiwa na upungufu wa kama gramu 200.

Glasgow, jiji la Scotland, walijaribu njia nyingine: vocha za manunuzi. Pauni 50 kwa kuanza, 50 baada ya wiki nne, 100 baada ya wiki 12, na 200 mimba ikikaribia kukomaa, kwa sharti la kupimwa. Matokeo yalichapishwa 2015: waliopewa vocha, 22.5% waliacha, waliopewa huduma ya kawaida tu, 8.6%.

Wapo wanaoiita hongo. Haya, iwe hongo, lakini mbona bosi akilipwa bonasi tunaiita motisha? Mtoto njiti akilazwa wiki kadhaa, bili yake inazila pauni 400 kabla ya chakula cha mchana. Mwaka 2023 serikali ya Uingereza ilitangaza vocha kwa wajawazito wote wanaovuta nchini England, na nadhani ilichelewa.

Ningekuwa na sauti, ningemwingiza mchumba pia kwenye malipo. Binti anaacha, halafu jioni mwenzake anawasha sigara kwenye kochi hilo hilo, pakiti wazi mezani. Hapo vocha itafanya nini?