Mguu Ndio Ulioteguka, Si Mwili Mzima

Mtu akiteguka kifundo cha mguu hapa kwetu Pemba, iwe ameteleza bondeni akitoka shamba, ameshuka vibaya kwenye mkarafuu au amekanyagwa katika mechi ya jioni, hukumu yake hutolewa hata kabla hajafika hospitali: alazwe, mguu uwekwe juu ya mto, akandwe, na asitoke nje mpaka uvimbe uondoke. Uvimbe ukishaondoka, wenziwe wa timu humtolea hukumu ya pili, nayo ni kwamba amepona na arudi uwanjani. Sikubaliani na hukumu yoyote kati ya hizo, kwani zote mbili zinachukulia kuwa kupona ni kusubiri tu, ilhali sehemu kubwa ya kupona kifundo ni kazi.

Kazi hiyo haianzi kabla ya kujua kilichoumia. Madaktari wa Ottawa, nchini Kanada, walitunga mwaka 1992 kanuni ambayo hospitali nyingi duniani zinaifuata: aliyeumia akishindwa kupiga hatua nne, au akipata maumivu anapobonyezwa kwenye mfupa wa kifundo wenyewe au kwenye baadhi ya mifupa ya katikati ya unyayo, apigwe picha, kwa kuwa huenda umevunjika. Asiyekuwa na dalili hizo mara nyingi amevuta au amechana kano tu, na khasa zile za upande wa nje. Kwa huyu wa pili nina neno na wazee wetu: kuchua kwa nguvu kwa mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, na kukanda kwa maji ya moto ndani ya siku mbili tatu za mwanzo huzidisha damu inayovilia ndani na kuongeza uvimbe. Mafuta yasubiri.

Kulala nako kuna mpaka wake. Daktari wa Kimarekani Gabe Mirkin, ambaye mwaka 1978 alieneza ushauri wa kupumzika, kuweka barafu, kufunga bendeji na kuinua mguu, miaka mingi baadaye alieleza mwenyewe kwamba barafu na mapumziko ya moja kwa moja huweza kuchelewesha kupona. Barafu bado inapunguza maumivu ya siku ya kwanza, nami siioni kuwa na ubaya kwa kazi hiyo. Lakini misuli ya mguu uliolazwa huanza kupungua ndani ya wiki mbili za mwanzo, na pumzi hushuka pamoja nayo. Hata aliyefungwa plasta gumu anaweza kukaa kitini akanyanyua chupa za maji zilizojazwa mchanga, akalala chali akafanya mazoezi ya tumbo na mapaja, na akaufanyisha kazi mguu usioumia. Utafiti umeonesha kuwa mguu mmoja ukifanyishwa mazoezi ya nguvu, ule uliofungwa nao hubakiwa na sehemu ya nguvu zake, kwa sababu amri ya misuli hutoka kwenye ubongo na mishipa ya fahamu, ambayo inaihudumia miguu yote miwili.

Baada ya hapo tuna bahari, na sifahamu kwa nini tunaiachia wageni wa mahoteli. Mtu aliyesimama katika maji ya kiunoni anabeba takriban nusu ya uzito wake, na maji yakifika kifuani mzigo unapungua hadi kiasi cha theluthi moja. Kwa hiyo anayechechemea barabarani anaweza kutembea majini kwa hatua kamili, kisigino kwanza kisha vidole, akitoka jasho bila ya kukiumiza kifundo. Jambo la kuangaliwa ni maji yenyewe. Siku za bamvua, yaani za maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu, maji hujaa karibu na saa kumi alasiri na mkondo huwa mkali, wakati siku za maji mafu, yaani yanayojaa na kupwa kidogo, hujaa kwenye saa nne au saa tano asubuhi, tena kwa utulivu, na hizo ndizo siku za mgonjwa. Hatari kubwa iko kwenye kuyafikia maji, kwa sababu mchanga mkavu unazama na ule wa ufukweni umeinama upande mmoja, hivyo aende na mwenziwe, avae viatu vya kumkinga na mawe, na asiingie kamwe akiwa na plasta au jeraha bichi. Mwenye kisukari ambaye nyayo zake zimekufa ganzi namshauri abaki kwenye kiti na chupa zake.

Kinachosahauliwa kuliko vyote ni usawa. Ndani ya kano mna neva zinazoupa ubongo habari ya namna unyayo ulivyokaa, nazo huumia pamoja na kano. Hii ni moja ya sababu za mtu kuteguka tena na tena pale pale, huku akiambiwa kuwa ana mguu mbovu. Dawa yake ni kusimama kwa mguu mmoja kila siku, na sisi tunalifanya hilo mara tano kwa siku tunapoosha miguu katika udhu. Mwanzo mtu ashike ukuta, baadaye aguse kwa kidole, kisha aachie, mradi sakafu isiwe na utelezi. Sala nayo ni kipimo kizuri. Katika kikao cha baina ya sijda mbili mguu wa kushoto hulazwa na kukaliwa, na wa kulia husimamishwa vidole vikiwa vimekunjwa, kwa hiyo aliyeteguka kushoto na aliyeteguka kulia hawapati taabu ya aina moja. Asiyeweza ana ruhusa ya kukaa awezavyo, na asijilazimishe. Lakini kikao kinavyorudi kidogo kidogo ndivyo anavyojua kifundo kimefunguka kiasi gani.

Kuhusu chakula sina mengi: asijinyime samaki, dagaa na kunde kwa kuogopa kunenepa, maana mwili unajenga. Shavu la mguu likivimba ghafla, likawa la moto na kuuma, aende hospitali siku hiyo hiyo, kwani damu inaweza kuwa imeganda.

Walimu wa timu zetu wangefaa waache kuuliza uvimbe umetoka lini. Mchezaji ainuke kwa vidole vya mguu ulioumia mara nyingi sawa na ule mzima, aruke juu ya mguu huo, akimbie na kugeuka ghafla bila ya maumivu; akishindwa, abaki pembeni akifanya mazoezi, si akitazama. Vikundi vya mazoezi navyo vina nafasi. Kila tarehe 1 Januari Zanzibar huadhimisha siku ya mazoezi kwa matembezi ya watu wengi, na asubuhi za mwisho wa wiki vikundi hivyo hujaa barabarani, ila anayetembelea gongo hana pa kujiunga. Ningependa kila kikundi kiweke safu ya viti mbele, ili waliovunjika na walioteguka wafuate mazoezi ya mikono, mabega na kiuno kwa hesabu ile ile wanayohesabiwa wenzao waliosimama.