Anayeanza Git afundishwe historia kwanza, amri baadaye

Mafunzo mengi ya Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya faili za mradi, yanaanza na amri: andika `git add`, kisha `git commit`, kisha `git push`. Mwanafunzi anakariri, na mambo yanamwendea vizuri mpaka siku yeye na mwenzake wanapogusa faili moja. Skrini inajaa alama asizozijua, na zile amri tatu hazimpi jibu lolote. Si kwamba hana akili ya kazi hii. Hajaonyeshwa kile ambacho amri hizo zinakijenga, na lawama hiyo naiweka kwetu sisi tunaofundisha.

Kinachojengwa ni historia, na historia hiyo imeundwa kwa komiti. Wengi hudhani komiti ni orodha ya mistari iliyobadilika. Sivyo. Komiti ya Git ni picha ya mradi mzima kama ulivyokuwa ulipoihifadhi. Faili ambayo haikubadilika hainakiliwi tena. Picha mpya inaelekeza kwenye ile ile ya zamani. Pamoja na picha hiyo komiti hubeba jina la mwandishi, tarehe, ujumbe, na kitambulisho cha komiti iliyoitangulia, yaani mzazi wake. Kitambulisho chenyewe kwa kawaida ni herufi na tarakimu 40 zinazokokotolewa kutokana na vyote hivyo, mzazi akiwemo. Ukibadilisha chochote katika komiti ya zamani, kitambulisho chake kinabadilika, na cha kila komiti iliyozaliwa baada yake pia.

Na tawi? Tawi ni jina tu linaloelekeza kwenye komiti moja. Mradi haunakiliwi popote, kwa hiyo usiogope kufungua tawi hata kwa jaribio dogo.

Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliandika Git mwaka 2005, baada ya watengenezaji wa Linux kupoteza ruhusa ya kutumia BitKeeper, programu nyingine ya kutunza historia ya msimbo, bila malipo. Watu wale walikuwa wametawanyika duniani, kila mmoja akibadilisha nakala yake kwenye mashine yake. Kazi zao zilikuwa lazima zitengane, kisha zikutane. Ndiyo maana inaniuma kuona kuunganisha kukifundishwa mwishoni kabisa, kama ajali ya kujihadhari nayo, ilhali chombo chenyewe kilitengenezwa kwa ajili hiyo.

Sasa tuunganishe. Kama tawi kuu halijasogea tangu ulipojitenga, Git husogeza tu jina la tawi mbele mpaka kwenye komiti yako ya mwisho, basi. Penye uzito ni pale pande zote mbili zimesonga. Hapo Git haitazami matoleo mawili peke yake. Inafuata wazazi kurudi nyuma mpaka ipate babu wa pamoja, yaani komiti ambayo pande zote zilitokea, kisha inalinganisha kila upande na babu huyo.

Chukua faili ya mipangilio ambayo kwa babu ilisema `muda = 30`. Wewe umeandika 60, mwenzako ameacha 30. Ukitazama matoleo hayo mawili tu huwezi kujua lipi ni jipya. Ukimtazama babu unajua: aliyebadilisha ni wewe peke yako, kwa hiyo Git inachukua 60 bila kumuuliza mtu. Lakini kama mwenzako naye ameandika 45, Git haina haki ya kuchagua. Inasimama na kukuandikia hivi:

```
<<<<<<< HEAD
muda = 60
=======
muda = 45
>>>>>>> tawi-la-mwenzangu
```

Juu ni upande wako, chini ni upande unaouleta. Unabakiza kilicho sahihi, unafuta alama, unahifadhi komiti. Komiti hiyo itakuwa na wazazi wawili, na hiyo ndiyo alama ya muungano katika historia. Ukijiona umepotea katikati, `git merge --abort` inakurudisha ulipokuwa kabla ya kuanza kuunganisha.

Kuna mpangilio mmoja ambao ningependa kila anayeanza auwashe siku ya kwanza: `git config --global merge.conflictStyle diff3`. Baada ya hapo mgongano unaonyesha pia maneno ya babu, kati ya pande mbili. Sioni kwa nini mtu anayejifunza afichwe taarifa ambayo Git yenyewe inaitumia kuamua.

Ila hata babu hatakuambia kama sahihi ni 60 au 45. Hilo liko kwenye ujumbe wa komiti. Kilichobadilika kinaonekana kwenye picha, lakini sababu haionekani popote usipoiandika. Ujumbe unaosema "marekebisho" unamwacha mwenzako gizani. "Ongeza muda wa kusubiri hadi 60, faili kubwa zinakatika njiani" unamaliza ubishi kabla haujaanza. Kwangu mimi, ujumbe ni sehemu ya kazi kama msimbo wenyewe.

Tena, muungano usio na mgongano usikupe imani kupita kiasi. Git hulinganisha maandishi, haielewi maana. Wewe ukibadilisha jina la funksheni, na mwenzako katika faili nyingine akaita funksheni hiyo kwa jina la zamani, kila kitu kitaungana kimya na programu itavunjika. Endesha majaribio kila baada ya kuunganisha.

Kuhusu `rebase`, amri inayohamisha komiti zako zianzie kwenye ncha ya tawi jingine, najua wapo wanaoifundisha mapema kwa sababu historia inanyooka na kupendeza. Mimi ningeisubirisha. Inatengeneza komiti mpya zenye vitambulisho vipya, na kama zile za zamani umeshazisukuma kwa wenzako kwa `git push`, wenzako watabaki na historia isiyolingana na yako. Kabla ya hapo mwanafunzi aandike `git log --graph --oneline --all` katika mradi wake, afuate mistari ile kwa kidole, na aweze kutaja babu wa matawi yoyote mawili. Akiweza hilo, `rebase` itamchukua muda mfupi kuielewa.