Kazi za Nyumbani kwa Wanafunzi: Zinamjenga Nani, Zinamwelemea Nani?

Mjadala kuhusu kazi za nyumbani una umri mkubwa kuliko walimu na wazazi wanaoubishania leo. Mwaka 1901 jimbo la California nchini Marekani lilipitisha sheria ya kuzuia watoto walio chini ya miaka 15 wasipewe kazi hizo, na sheria hiyo ikafutwa mwaka 1917. Umoja wa Kisovieti uliporusha Sputnik mwaka 1957, Wamarekani waliingiwa na hofu kwamba watoto wao wameachwa nyuma kisayansi, na madaftari yakajaa upya. Miaka ya karibuni upepo umegeuka tena: mwaka 2021 China iliagiza kwamba wanafunzi wa darasa la kwanza na la pili wasipewe kabisa kazi za kuandika za kufanyia nyumbani, na Aprili 2024 Poland ikaziondoa karibu zote katika madarasa matatu ya mwanzo na kuzifanya za hiari, zisizotolewa alama, katika darasa la 4 hadi la 8. Ukiifuatilia historia hii, unaona kwamba uamuzi husukumwa zaidi na wasiwasi wa watu wazima kuliko na yale yanayofahamika kuhusu namna mtoto anavyojifunza.

Wanaozitetea wana hoja nzito, na nzito kuliko zote ni ile ya kumbukumbu. Tangu mwaka 1885, mwanasaikolojia wa Ujerumani Hermann Ebbinghaus alipochapisha majaribio aliyoyafanya juu ya kumbukumbu yake mwenyewe, inajulikana kwamba sehemu kubwa ya tulichojifunza hupotea mapema, ndani ya saa na siku za mwanzo, na kwamba kukirudia baada ya muda kupita hukifanya kidumu. Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha jambo lenye uzito zaidi kwa mwalimu: wanafunzi waliojaribu kukumbuka habari bila kuitazama walifanya vizuri zaidi katika mtihani wa siku kadhaa baadaye kuliko waliokaa wakiisoma tena na tena. Kwa hiyo maswali matano ya jioni yanayomtaka mwanafunzi afunge kitabu na kueleza somo la asubuhi yana msingi imara, ilhali kurasa tatu za kunakili kutoka kitabuni hazina. Faida nyingine zinazotajwa, kama vile nidhamu ya kupanga muda na nafasi ya mzazi kujua mtoto anasoma nini, zipo, ingawa haziwezi peke yake kuhalalisha saa mbili za kila usiku.

Hata hivyo, manufaa hayo hayagawanyiki sawasawa kwa umri. Mtafiti Harris Cooper na wenzake, waliopitia tafiti za Marekani zilizofanywa kati ya mwaka 1987 na 2003, waliona kwamba uhusiano kati ya kazi za nyumbani na ufaulu ni wa wazi zaidi kwa wanafunzi wa sekondari, na ni hafifu kwa wa shule ya msingi. Hata huo wa sekondari unahitaji tahadhari, kwa kuwa mwanafunzi anayefaulu huenda ndiye pia mwenye bidii ya kumaliza kazi zake, na si rahisi kujua kipi kilichozaa kingine. Wala wingi wa saa hauamui: katika takwimu za mwaka 2012 za PISA, mtihani wa kimataifa wa kulinganisha ufaulu wa wanafunzi, vijana wa miaka 15 wa Shanghai walitumia takriban saa 14 kwa wiki katika kazi hizo, na wale wa Finland chini ya saa 3, nao wote walikuwa juu ya wastani katika hisabati.

Kinachosahaulika katika mabishano mengi ni kile kinachotokea kesho yake. Chukua mwanafunzi aliyepewa maswali ishirini ya kujumlisha sehemu, ambaye anaamini kwamba nusu ukijumlisha na theluthi unapata mbili ya tano, kwa kuwa amejumlisha namba za juu pamoja na za chini pamoja. Akiwa darasani, mwalimu anayepita kati ya madawati angemkamata katika swali la pili. Nyumbani atalirudia kosa hilo mara ishirini, na asubuhi daftari likirudi na alama za kukosa bila neno hata moja la maelezo, atakuwa amefanya mazoezi ya kukosea. Lakini mwalimu naye tumtendee haki: mwenye wanafunzi 45, akitumia dakika tano tu kwa kila daftari, anahitaji saa tatu na dakika 45 kwa darasa moja na zoezi moja. Nadhani mtu asiyeweza kuisahihisha kazi asiitoe, au aitoe fupi kiasi cha kuweza kuipitia pamoja na darasa zima.

Upande wa pili wa ubaya wa kazi hizi unahusu haki. Uchambuzi wa takwimu hizo hizo za PISA za mwaka 2012 katika nchi za OECD, jumuiya ya nchi ambazo nyingi ni tajiri, ulionyesha kwamba wanafunzi wa familia zenye uwezo walitumia kwa wastani saa 1.6 zaidi kila wiki katika kazi za nyumbani kuliko wenzao wa familia duni. Mwenye meza, taa na mtu mzima wa kumuuliza hashindani sawa na anayelea wadogo zake mpaka usiku, na pale alama za kazi hizo zinapoingizwa katika matokeo ya muhula, shule inakuwa imeisahihisha nyumba. Hata msaada wa mzazi si baraka kila mara: utafiti uliochapishwa na Erin Maloney na wenzake mwaka 2015 ulibaini kwamba watoto wa wazazi wanaoiogopa hisabati walijifunza hisabati kwa kiwango cha chini kuliko wenzao pale wazazi hao walipowasaidia mara nyingi.

Kuhusu mzigo, tatizo mara nyingi ni la mpangilio. Walimu sita wa masomo sita, kila mmoja akiagiza kazi ya nusu saa tu, wamemtwika kijana saa tatu bila yeyote kati yao kukusudia, na zinazomegwa kwanza ni saa za usingizi. Aliyechoka huangalizia kwa mwenzake, au siku hizi huiachia programu ya akili mnemba iandike insha nzima, na mwalimu hubaki akisahihisha maandishi ambayo hayamwambii lolote kuhusu mwanafunzi wake.

Ufaransa, ambako kazi za kuandika za nyumbani zilipigwa marufuku katika shule za msingi mwaka 1956 na bado walimu wakaendelea kuzitoa, ilianza mwaka 2017 kuwatengea wanafunzi wa sekondari ya chini muda wa kufanyia kazi hizo shuleni chini ya msimamizi. Njia hiyo inapunguza pengo la meza na taa, na kosa la sehemu linakamatwa likiwa bado changa. Kwa upande mwingine, inadai msimamizi anayelipwa, chumba kilicho wazi baada ya vipindi na usafiri wa kuwarudisha wanaoishi mbali, na shule isiyo na hivyo itanufaika zaidi kwa kutenga dakika ishirini za mwisho za kipindi chenyewe, hata kama mada moja au mbili za mtaala zitachelewa.