Jenomu ya Brachyspira inasema mengi, ila si kipimo cha dawa

Brachyspira hyodysenteriae ndiye bakteria anayewaharisha nguruwe damu na kamasi. Jenomu, yaani DNA yote, ya aina ya WA1, kutoka Australia Magharibi, ilichapishwa mwaka 2009: kromosomu moja ya besi (herufi za DNA: A, T, G na C) takriban milioni 3, pamoja na plasmidi, kipande kidogo cha DNA kinachojitegemea, ya besi 36,000 hivi. Siku hizi wapo wanaotaka maabara ziache kupima dawa kwa bakteria hai, zisome jenomu tu.

Kwa tailosini, antibiotiki inayoshika ribosomu (kiwanda cha protini cha seli), hoja yao ina uzito. Bakteria huyu ana nakala moja tu ya jeni ya 23S, RNA iliyo sehemu ya ribosomu. Bakteria wenye nakala kadhaa wakipata badiliko kwenye moja, zilizobaki huendelea kuunda ribosomu ambazo dawa inazishika. Huyu hana akiba hiyo. Besi moja ikibadilika katika nafasi ya 2058, tailosini imekwisha kazi. Jenomu pia huonyesha kama plasmidi ipo, na aina zisizo nayo zimeonekana kuwa dhaifu katika kusababisha ugonjwa. Sahani ya kuoteshea haikuambii hilo.

Tiamulini, antibiotiki nyingine, ni habari tofauti. Usugu wake hupanda ngazi kwa ngazi: badiliko kwenye 23S, jingine kwenye protini L3 ya ribosomu, au jeni ya usugu iitwayo tva(A). Ukiyaona hayo unajua kuna tatizo, hujui ukubwa wake. Daktari wa mifugo anahitaji kiwango cha chini cha dawa kinachozuia ukuaji, na hicho hupatikana kwa kumkuza bakteria kwenye mchuzi wa kuoteshea wenye dawa inayopunguzwa nusu kwa nusu.

Halafu kuna madai kwamba kusoma jenomu ni haraka zaidi, ambayo binafsi siyakubali. Ili upate jenomu safi lazima kwanza uoteshe: agari ya damu yenye spektinomisini, bila oksijeni, nyuzi 37 hadi 42, siku kadhaa. Anaota kama utando mwembamba unaotambaa, si vidoa vinavyotengana, kwa hiyo ni rahisi kuchota pia B. innocens, Brachyspira wa spishi nyingine, aliye jirani. Besi za G na C ni kama asilimia 27 tu; zilizobaki ni A na T. Ukizidisha DNA kwa PCR (mbinu ya kunakili DNA mara nyingi) kabla ya kusoma, sehemu zenye A na T nyingi hupungua. Usomaji wa vipande virefu huiunga plasmidi vizuri, lakini hukosea kuhesabu mfululizo wa A, na jeni nzima ikaonekana imevunjika. Sahihisha kwa vipande vifupi kabla hujatangaza jeni fulani imekufa.

Kufuatilia kama mlipuko wa shamba moja umetoka shamba jingine, hapo jenomu haina mpinzani.